Quaoar au Sedna: kipi cha kufundishia wanafunzi wa Moshi?

Vyote viwili ni magimba ya barafu ng'ambo ya Neptune, vina upana wa takriban kilomita 1,000, na bado havimo kwenye orodha rasmi ya sayari kibete tano.

Kwa umbali, chukua barabara ya Moshi–Arusha. Jua liweke kwenye mnara wa saa wa Moshi, Dunia kilomita moja tu mbele. Quaoar, iliyogunduliwa mwaka 2002, inaangukia katikati ya njia, kilomita 43 hivi, na haihami sana hapo. Mzunguko wake unachukua kama miaka 288. Sedna, ya mwaka 2003, ikilikaribia Jua kabisa inafika kilomita 76, yaani unakaribia kuingia Arusha mjini. Ikienda mbali inapita kilomita 900, mbali kuliko kutoka Moshi hadi Dar es Salaam. Mzunguko mmoja: miaka zaidi ya 11,000!

Sedna inavutia kwa safari yake na wekundu wake. Ila haijulikani kuwa na mwezi.

Quaoar ina mwezi, Weywot, na pete zilizotangazwa 2023. Zilionekana pale nyota ya nyuma yake ilipofifia kidogo kabla na baada ya kuzibwa. Ajabu ni kwamba pete hizo ziko mbali mno: kwa hesabu za kawaida, vumbi la umbali ule lingeshikana likawa mwezi.

Mwenye kipindi kimoja tu achukue Quaoar. Sedna itasogea karibu zaidi mnamo 2076, haina haraka.