Kinyama cha jicho: kukiacha au kukikata?

Mjomba wangu ni nahodha wa mashua pale Bandari ya Kale, na jua, upepo na mng'ao wa maji vimemwachia alama: kinyama chekundu chenye umbo la bawa, kimeanzia upande wa pua na ncha yake inaelekea kwenye mboni.

Kukiacha si kukisahau. Ni miwani inayozuia miale ya urujuanimno, kofia pana, na machozi ya bandia kutoka duka la dawa. Muwasho unapungua, lakini kinyama hakiondoki. Matone ya steroidi usijinunulie kiholela; yanaweza kupandisha presha ya jicho. Kama kinyama kiko mbali na mboni na unaona vizuri, mimi ningekiacha.

Kukikata kuna maana kinapoisogelea mboni au kuivuta konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hadi uone ukungu. Unapigwa ganzi ya jicho tu, jioni uko kwako. Lakini muulize daktari: utapandikiza? Kikikatwa na pale pakaachwa wazi, hurudi mara nyingi mno. Pakizibwa kwa kipande cha utando kilichochukuliwa chini ya kope la juu la jicho hilohilo, hurudi kwa nadra. Kisha matone kwa wiki kadhaa, na mjomba baharini asahau kwanza.

Kikikua haraka, au kikiwa na ukoko mweupe, hasa kwa anayeishi na VVU, hapo hakuna kusubiri. Kinaweza kuwa saratani; kinakatwa na kupelekwa maabara.