Picha Safi, Ripoti ya Mistari Minne: Huduma ya MRI ya Ubongo wa Mbwa

Kituo nilichompeleka mbwa wangu kupigwa picha ya MRI ya ubongo, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu, kinastahili sifa kwa mashine yake na kwa watu wanaoiendesha. Ripoti iliyoambatana na picha hizo, hata hivyo, ilikuwa na mistari minne tu, na mistari minne haitoshi kumweleza mwenye mbwa kwa nini kichwa cha mnyama wake kimejaa maji.

Bingwa ni Chihuahua wa miezi saba mwenye kichwa cha mviringo kama kuba, utosi ambao haujaziba hadi leo, na macho yaliyoelekea nje na chini kana kwamba kila wakati anatafuta kitu alichokidondosha. Alikuwa akizunguka upande mmoja, akisimama na kukandamiza kichwa ukutani, na hakufundishika kabisa kujisaidia nje. Daktari wetu wa mifugo alipitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya utosi huo, kwa kuwa pale hapana mfupa wa kuzuia mawimbi, akaona vyumba vya maji, yaani nafasi za asili ndani ya ubongo zenye maji, vimetanuka pande zote mbili, ndipo akashauri MRI. Kipimo cha CT, kinachotumia eksirei na kompyuta, kingekuwa cha haraka zaidi na kingeonyesha mfupa vizuri, lakini sehemu ya nyuma ya fuvu, inayozungukwa na mfupa mnene, hutokea humo ikiwa na michirizi inayoficha mambo, ilhali kasoro nyingi za kuzaliwa nazo zimejificha hukohuko nyuma.

Mbwa haambiwi atulie akatulia, kwa hiyo nusukaputi haikwepeki. Hapa ndipo kituo kiliponiridhisha zaidi. Walimpima damu kwanza, wakanieleza kwa utaratibu saa za kufunga chakula, na muda wote aliokuwa ndani ya mashine mtu mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kufuatilia mapigo, pumzi na kiwango cha hewa ya kaboni anayoitoa. Jambo hilo la mwisho si la urembo: mbwa anayepumua kwa unyonge hurundika hewa hiyo mwilini, mishipa ya ubongo hutanuka, na shinikizo ndani ya fuvu ambalo tayari limebanwa huongezeka. Bingwa aliamka mapema na akala jioni hiyo.

Picha zenyewe zilipigwa kwa mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa vipande vyembamba katika pande tatu, nami nikakabidhiwa diski yenye faili zote kamili badala ya nakala chache za karatasi. Bila diski hiyo nisingekuwa na la kuandika hapa zaidi ya malalamiko.

Ripoti ilisema vyumba vya maji vimetanuka, kwamba huo ni ugonjwa wa kichwa maji, na kwamba atumie dawa. Basi. Tatizo ni kwamba mbwa wengi wadogo wenye vichwa vya kuba au pua fupi huwa na vyumba vipana, tena visivyolingana kulia na kushoto, na wakaishi maisha yao yote bila dalili yoyote. Upana peke yake hauthibitishi ugonjwa. Msomaji makini hutafuta dalili za shinikizo. MRI hupiga picha za aina kadhaa: katika zile ziitwazo T2 maji huonekana meupe, na katika ziitwazo FLAIR maji yaliyo huru huzimwa yakawa meusi, kwa hiyo ukingo mweupe unaobaki kuzunguka chumba katika FLAIR huashiria maji yanayopenya kwenye nyama ya ubongo. Hutazama pia kama mikunjo ya ubongo imebanwa hadi mifereji yake ikatoweka. Zaidi ya yote, huuliza njia ya maji imeziba wapi.

Swali hilo halikuulizwa. Niliituma diski kwa daktari bingwa wa neva za wanyama, naye akaonyesha kifuko cha maji nyuma ya ubongo wa kati, chenye rangi ileile ya maji ya ubongo katika kila aina ya picha na kisichong'aa baada ya sindano ya gadolinium, dawa inayofanya baadhi ya sehemu zing'ae katika picha. Vifuko vya namna hii huonekana sana kwa mbwa wa aina ya Shih Tzu na mara nyingi havina madhara, lakini cha Bingwa kilikuwa kimekandamiza mfereji mwembamba unaopitisha maji kwenda chumba cha nne, kilicho nyuma ya ubongo. Kwa maneno mengine, kichwa maji kilikuwa matokeo, na chanzo kilikuwa kimekaa wazi katika picha walizozipiga wao wenyewe.

Lawama yangu ya pili ni shingo. Picha ziliishia kwenye pingili ya kwanza ya shingo, ingawa ubongo wa nyuma ulionekana kusongamana kwenye tundu la fuvu linaloelekea shingoni. Msongamano huo, unaojulikana sana kwa mbwa wa Cavalier King Charles Spaniel, unaweza kuzaa mashimo ya maji ndani ya ugwe mgongo, na mbwa akawa anakuna hewa kando ya shingo bila kuigusa ngozi. Nchini Uingereza mpango wa uchunguzi ulioanzishwa mwaka 2012 na British Veterinary Association (chama cha madaktari wa mifugo) pamoja na Kennel Club (chama cha wafugaji wa mbwa) huhesabu kuwa shimo lenye upana wa milimita 2 au zaidi ni la daraja la juu kabisa. Kuongeza picha za shingo mbwa akiwa bado amelala kungechukua dakika chache. Sasa itabidi apewe nusukaputi tena. (Kipandikizi cha utambulisho chini ya ngozi huacha doa jeusi katika picha, lakini cha Bingwa kiko mabegani, hakingezuia kitu.)

Kwa upigaji wa picha nitarudi kituo hichohicho, na safari hii nitaomba kwa maandishi kwamba shingo ijumuishwe. Kwa usomaji, diski itakwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa, ambaye kwa sasa anapanga upasuaji wa kumwekea Bingwa mrija wa kupeleka maji tumboni.