Skana ya leza barabarani: kona yangu "ilifaulu" kwa sababu walifuta nyasi

Miaka yote nilipima umbali wa kuona, yaani dereva anaona barabara mbele yake kwa mita ngapi, kwa vijiti. Unachutama jicho lako likae mita 1.08 juu ya lami, kimo cha macho ya dereva wa gari dogo katika kanuni za Kimarekani ambazo mradi wetu ulizifuata, na mwenzako anatangulia na kibao cha mita 0.60, sawa na taa za nyuma za gari. Kikipotea machoni unapiga filimbi, mnavuta gurudumu la kupimia. Kwenye kona za milima ya Iringa kazi hiyo ni ya roho mkononi: semi inashuka imejaa, na wewe umechutama pembeni kama mtu anayetafuta sarafu.

Kwa hiyo Septemba mwaka jana tulikodi kampuni yenye gari la skana, linalopiga leza pande zote na kurekodi kila kilichogongwa kama nukta. Kwa upande wa kupima sina neno. Walipita mara mbili, kwenda na kurudi, bila kufunga barabara, na kabla ya chakula cha mchana kilomita zetu zote zilikuwa ndani ya diski. Nilipofungua kwenye kompyuta niliona mpaka boliti za kingo za chuma.

Ripoti ndiyo iliyoniudhi. Kuna kona moja ya kushoto, mteremko wa asilimia 6. Kwa kilomita 80 kwa saa dereva anahitaji kuona mita 130 mbele ili awahi kusimama kwenye tambarare, na kwenye mteremko ule zinafika 144. Ripoti ikasema anaona 160. Mimi kona ile naijua, huwezi kuona mbali hivyo hata usiku wa mbalamwezi.

Nikaomba nukta ghafi, yaani zote kama zilivyotoka kwenye skana kabla ya kuchujwa. Hawakutaka kuzitoa kirahisi, nikasisitiza. Kumbe walichuja kila kitu wakabakiza ardhi tupu, kisha mstari wa jicho wakaupitisha juu ya udongo. Nyasi, vichaka, mti ulioinama: vyote "uchafu". Sasa dereva anazibwa na nini kama si hivyo hivyo?

Nikarudia mwenyewe kwa CloudCompare, programu ya bure. Nukta zina mianya, mstari wa jicho unaweza kupenya katikati ya majani, kwa hiyo nilizigeuza kuwa vijisanduku: penye nukta, kisanduku kizima kinahesabiwa kuwa kimeziba. Vya nusu mita vilifanya kingo za chuma kuwa ukuta. Vya sentimita 20 vikakaa sawa. Ilibidi pia nifute lori lililokuwa likienda sambamba na gari la skana, maana lilijivuta likawa kama ghala refu katikati ya njia. Jibu likawa mita 97. Tulienda na vijiti vyetu kuhakiki, tukapata 94.

Kitu ambacho vijiti havikuwahi kunionyesha: nilipoinua jicho hadi mita 2.33, kimo cha dereva wa lori, nyasi hazikumsumbua kabisa. Yeye alizibwa na matawi ya mti uleule ambao dereva wa gari dogo anapita chini yake akiona vizuri.

Nimewaita tena mwaka huu, kwa masharti mawili kwenye mkataba: nukta ghafi zote nikabidhiwe, na wapite mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeshaotesha nyasi kufika kifuani.