Betri za kigari cha gofu kwenye baridi ya Minnesota: uzoefu wangu

Gofu sichezi. Mimi ni mtunza majengo ya kupangisha hapa Minnesota, na kigari cha gofu ndicho punda wangu: takataka, ngazi, magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu, vyote hubeba chenyewe. Mwaka jana nilikifunga betri sita mpya za asidi, volti 8 kila moja, jumla 48.

Wakati wa joto sikuwa na neno. Nikichaji usiku, nazunguka siku mbili. Novemba ilipoingia nikajua nimeuziwa mali mbovu. Nyuzi 0 tu, na ikifika saa nane mchana kigari kinapanda mwinuko wa karakana kwa kujikongoja.

Kumbe betri ni nzima. Baridi huzubaisha kemikali ndani yake: kwenye nyuzi 0 betri ya asidi hutoa kama asilimia 80 ya uwezo wake, na ikishuka hadi 18 chini ya sifuri inaweza kubaki karibu nusu. Umeme umo, ila hautoki wote. Pakipata joto, nguvu inarudi.

Kosa langu lilikuja Januari. Ijumaa nilikiacha kimeisha chaji, nikasema nitachomeka Jumatatu. Betri iliyojaa hustahimili hata nyuzi 50 chini ya sifuri bila kuganda. Iliyoisha, kimiminika chake kimekaribia kuwa maji matupu, na baridi ya kawaida ya huku inakigandisha. Jumatatu nikakuta moja imevimba, ganda limepasuka. Muuzaji akakataa dhamana. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kutoniambia chochote siku ananiuzia.

Mwenzangu wa jengo la pili anatumia lithiamu. Nyepesi, haiongezwi maji, na kwenye baridi inavuta kuliko zangu. Lakini asubuhi moja iligoma kuchaji. Lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 huharibika ndani kwa ndani, hivyo mfumo wake hukata umeme wenyewe. Ilibidi akiingize kigari kwenye karakana yenye hita na kungoja hadi mchana. Kama banda lako halina joto, tafuta lithiamu yenye kipasha joto chake, au baki na asidi kama mimi.

Siku hizi nikishuka tu nachomeka, hata kama nimezunguka nusu saa. Betri nazipa nyota nne. Muuzaji, mbili.