Uzoefu wangu na ushauri nasaha wa chuo kuhusu pombe: hakuna aliyeniita mlevi

Huduma hii nimeitumia mwenyewe, na ninataka mwanafunzi anayesitasita mlangoni ajue kinachomsubiri ndani. Wengi wetu hatuendi kwa sababu tunadhani ni ya waliokwisha kuharibikiwa: aliyefukuzwa bwenini, anayeamka na chupa, aliyeuza kompyuta yake. Mimi nilikuwa nafaulu mitihani. Nilikunywa wikendi tu, ila wikendi zangu zilikuwa zimeanza kuingia Alhamisi, na kulikuwa na usiku ambao nilisimuliwa na wenzangu kwa sababu sikumbuki chochote. Kilichonitisha ni huko kusimuliwa maisha yangu mwenyewe na watu wengine.

Kabla sijaulizwa chochote, mshauri, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinieleza mipaka ya siri. Ninayosema hayaendi kwa mkuu wa idara, kwa wazazi wala kwenye faili la masomo. Isipokuwa jambo moja: kama maisha yangu au ya mtu mwingine yamo hatarini, atalazimika kumshirikisha mtu. Aliuliza kama nimeelewa, akasubiri nijibu. Ukifika ofisi yoyote ya ushauri na usielezwe hili, uliza kabla hujafungua kinywa.

Kisha akanipa dodoso la AUDIT, lile la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10, na alama zake huanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 hivi huhesabiwa kuwa unywaji wako umeingia kwenye hatari. Maswali ya mwanzo yanahusu mara ngapi na kiasi gani. Yanayofuata ndiyo yanayochoma: uliwahi kushindwa kuacha kunywa ukishaanza? Uliwahi kukosa kukumbuka ya jana? Ndugu, rafiki au daktari amewahi kukwambia upunguze? Kwa wanaotumia vitu vingine kuna jingine la shirika hilohilo, ASSIST, linalogusa pia tumbaku, bangi, kokeini, vidonge vya usingizi na jamii ya heroini. Nilipita 8 bila shida. Hakushtuka wala hakutikisa kichwa, na hilo peke yake lilinifanya nibaki kwenye kiti.

Sehemu iliyonibadilisha ilikuwa ya maji na bilauri. Nilikuwa nimeandika kwamba hunywa "glasi mbili, tatu" za pombe kali. Akaniwekea bilauri na jagi la maji, akaniambia nimimine kama ninavyomimina nikiwa na wenzangu. Nikamimina. Akayahamishia kwenye chombo cha vipimo: yalikuwa kama mililita 100. Pombe kali ya asilimia 40 kwa kiasi hicho ina takriban gramu 32 za alkoholi halisi, na kipimo kimoja cha kawaida katika hesabu za AUDIT ni gramu 10. Kwa hiyo glasi yangu moja ilikuwa vipimo vitatu, na "glasi tatu" zangu zilikuwa tisa na zaidi. Sikuwa nimedanganya kwenye dodoso; nilikuwa sijui tu. Hata chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ni karibu vipimo viwili. Ini la mtu wa kawaida huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, na hakuna kahawa wala kuoga maji baridi kunakoliharakisha.

Akaniuliza ninadhani wanafunzi wangapi wanakunywa kama mimi. Nikasema karibu wote. Akaeleza kwamba kosa hilo linajulikana: watafiti Wesley Perkins na Alan Berkowitz waliandika mwaka 1986 jinsi wanafunzi wanavyokadiria unywaji wa wenzao kupita ulivyo. Ukifikiri, inaeleweka. Anayepiga kelele usiku unamsikia, aliyelala mapema humsikii. Nilianza kuwahesabu waliokuwa wakiondoka mapema kwenye sherehe zetu, na walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kugundua.

Namna yake ya kuzungumza ina historia. Imetokana na kazi ya mwanasaikolojia William R. Miller, aliyeanza kuieleza mwaka 1983 na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick: mshauri habishani nawe, anauliza mpaka wewe mwenyewe utamke sababu zako. Nilimwuliza moja kwa moja, "Sasa mama, niache kabisa?" Akajibu, "Wewe unaonaje? Pombe inakupa nini, na inakuchukulia nini?" Wakati ule niliudhika, nilitaka amri. Leo naona kwamba amri ningeivunja wiki ileile. Kupanga vikao vichache vifupi, na kumwonyesha mwanafunzi takwimu zake mwenyewe badala ya kumhubiria, kunafanana sana na utaratibu wa BASICS uliotokana na kazi ya Alan Marlatt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo na cha kutekelezeka: nisinywe pombe kali, nipime ninachonywa, na Alhamisi niwe na mahali pengine pa kuwa. Kuhusu ile hamu inayokuja ghafla, alinifundisha kuitazama bila kuitii, kama wimbi linalopanda, likafika juu, likashuka. Hushuka kweli. Ukiipa nusu saa na kitu cha kufanya, mara nyingi inakuwa imepungua.

Lakini huduma hii haimtoshi kila mtu, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Anayekunywa kila siku, akikosa anatetemeka na kutokwa jasho, asiache ghafla peke yake chumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na linaweza kuua. Huyo aanzie kwa daktari. Rafiki yangu aliyekuwa akitumia vidonge alipelekwa hospitali kwa sababu ofisi yetu haikuwa na mtaalamu wa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa ulichozoea. Kwa upande wa heroini na jamii yake kuna dawa kama methadoni, na kwa aliyezidisha dozi kuna naloksoni, lakini vitu hivyo havitolewi na mshauri. Ningependa walikiri hilo kwenye tangazo lao badala ya kuandika "msaada kwa dawa zote".

Malalamiko yangu mengine ni mawili. Mlango umeandikwa "Uraibu" kwa herufi kubwa na unatazama ngazi ambazo kila mtu anapita. Kuna niliowaona wakifika pale na kugeuka. La pili ni zito zaidi: chuo kina kanuni kwamba mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe hataadhibiwa, lakini imefichwa ndani kabisa ya kitabu cha sheria. Ilipaswa kubandikwa kila bweni, pamoja na maelezo ya kumlaza mtu ubavu, kutomwacha peke yake na kutomwambia "alale tu itaisha".

Kundi la wanafunzi linalokutana jioni nalipenda kuliko nilivyotarajia. Wapo walioacha kabisa, wapo wanaopunguza, na hakuna anayelazimishwa kuzungumza. Ukiona halikufai, yapo mengine nje ya chuo: Alcoholics Anonymous, iliyoanza mwaka 1935, yenye mwelekeo wa kiroho, na SMART Recovery, ya mwaka 1994, inayotegemea mbinu za kisaikolojia na kukutana pia mtandaoni.

Nafasi hujaa mitihani inapokaribia, hivyo jiandikishe mapema. Ukiambiwa usubiri, omba uwekwe kwenye orodha ya wanaoitwa mtu akighairi, kisha hakikisha simu yako inapokea namba usiyoijua. Mimi niliitwa asubuhi nikaingia mchana uleule.