TAHADHARI: Nimeuziwa betri yangu mwenyewe ya Prius kwa milioni moja na nusu

Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya gereji yao, soda yao mkononi. Naandika usiku huu huu kwa sababu nikilala nitaamka na aibu, nitanyamaza, na watu wa namna hii wanakula kwa sababu sisi tunaopigwa tunanyamaza.

Gari langu ni ile Toyota Prius nyeupe ya 2010, haibridi, yaani inatumia petroli na umeme wa betri kubwa. Lilianza kusumbua mwezi wa tatu: vile vimstari vya chaji kwenye dashibodi vinajaa vyote ndani ya dakika chache, nikipanda kilima kidogo tu vinabaki viwili. Feni ya nyuma inavuma kama mashine ya kusaga. Halafu ile pembetatu nyekundu ikawaka nikiwa kwenye foleni ya Ubungo na abiria ndani. Mwenye haibridi anajua moyo unavyoshuka ukiiona. Betri mpya kabisa niliulizia bei, nikarudisha simu mfukoni.

Huyu fundi nilimpata kupitia abiria wangu mwenye Toyota Aqua, haibridi nayo, akasema alifungiwa betri pale na inatembea. Sikuokota namba mtandaoni, naomba hilo lieleweke. Nilielekezwa na mtu mzima mwenye gari kama langu.

Nilifika saa tatu asubuhi. Gereji safi, sakafu imepigwa zege, vijana wamevaa ovaroli zinazofanana. Mwenyewe akatoka, mtu wa makamo, mpole, sauti ya chini. "Pole sana kaka, hii gari imekutesa." Akaniletea kiti, akamtuma kijana soda. Akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: P0A80, namba ya hitilafu inayosema betri kubwa imechoka. Akanieleza kwamba betri kubwa ya Prius ina moduli 28, ambazo mafundi huziita seli, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6, na kwamba kompyuta ya gari inazipima mbili mbili, makundi 14, kundi moja likizidi kulegea kuliko wenzake basi betri nzima inahukumiwa. Akaniambia tena kwamba Prius haina stata kama magari mengine, injini inawashwa na hiyo hiyo betri kubwa, kwa hiyo siku ikifa kabisa utakaa barabarani na tenki limejaa mafuta.

Yote hayo ni kweli! Nimeyahakikisha baadaye, hakuna hata moja alilodanganya. Na ndiyo sababu nilimwamini. Tapeli niliyemzoea mimi ni yule asiyejua kitu, anayeropoka na kuapa. Huyu anaijua kazi yake, na ujuzi wake ndio alionipigia.

Akanipeleka stoo. Boksi kubwa lina maandishi ya Kijapani, ndani betri inang'aa, imefika na kontena wiki iliyopita, anasema, imetoka kwenye gari lililopata ajali ya mbele Japani, imetembea kilomita elfu arobaini tu. Akachukua testa, akagusa seli moja moja mbele yangu: 7.9, 7.9, 7.8, 7.9. Nilisogeza macho karibu kabisa. Nikapiga na picha, na picha ninayo mpaka sasa kwenye simu, naiangalia naumia.

Bei milioni moja na laki nane. Ukiwaachia betri ya zamani wanakupunguzia laki tatu, "maana sisi tunaipeleka kwa wanaoyeyusha." Nikahesabu kichwani: 1,500,000, gerentii miezi sita, kufungiwa bure. Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nilimpigia hadi mke wangu palepale, nikamwambia tumepata.

Sasa hapa ndipo nilipoliwa. Saa tano na nusu wakaanza kufungua siti ya nyuma, nami nimesimama pembeni. Akaja taratibu, akanishika bega, akaniambia: "Kaka, hizi ni volti mia mbili, zile nyaya za rangi ya machungwa zinaua. Sitaki mteja wangu awe karibu. Nenda kapate chakula, saa nane njoo." Akanionyesha na glovu zake nene za mpira. Ningekataaje? Ni kweli zinaua. Ni kweli unatakiwa uchomoe ile plagi ya usalama kwanza na usubiri dakika kumi kabla ya kugusa chochote. Mtu anakuambia jambo la kweli kwa ajili ya uhai wako, unaanzaje kumbishia? Nikaenda kula wali maharage kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Nilikaa kule masaa mawili na nusu nikiona geti lao limefungwa, na sikuwaza chochote.

Niliporudi siti imeshafungwa. Dashibodi safi, pembetatu hakuna. Akanipa nikaliendesha mzunguko, likavuta vizuri, vimstari sita juu. Nikatuma pesa kwa simu. Jina likatokea la mwanamke, nikauliza, akasema "huyo ni mhasibu wetu." Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi? "Mashine imepelekwa kutengenezwa, kaka, Jumatatu nitakutumia picha." Akanipa karatasi ya gerentii iliyoandikwa kwa mkono. Jioni ile nikawaposti hapa kwa sifa zote. Mnakumbuka. Wawili wenu mlinifuata pembeni mkachukua namba. Nawaomba radhi, na kama bado hamjaenda, msiende.

Siku ya tisa, Kibaha, Maili Moja. Natoka kumchukua mama mkwe, mwenyewe mbele, watoto wawili nyuma. Pembetatu ikawaka, gari likapoteza nguvu, nikaegesha. Nikalizima. Halikuwaka tena. Tulikaa juani hadi gari la kuvuta lilipokuja, laki moja na themanini nyingine hiyo. Mama mkwe hakuniuliza neno hata moja njia nzima, na afadhali angeuliza.

Nikampigia jamaa. Mara ya kwanza: "Lete gari kaka, usijali." Mara ya pili: "Utakuwa umepita kwenye maji." Mara ya tatu: "Kuna mtu ameligusa, gerentii inakufa." Mara ya nne simu haipokelewi, na sasa namba yangu ameizuia.

Shemeji yangu akasema tulifungue wenyewe, pamoja na fundi wake wa umeme. Plagi ikachomolewa, tukasubiri, kava likatolewa. Juu kuna stika mpya ya Kijapani na bati limepigwa rangi ya fedha. Shemeji akainama na tochi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Njoo uone mwandiko huu."

Mwaka jana shemeji aliifungua betri yangu kuisafisha, maana vile vipande vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Ili asizichanganye seli alizipa namba kwa kalamu ya wino wa bluu usiofutika, 1 hadi 28, ubavuni. Na shemeji saba yake huwa anaikata kiuno kwa kamstari. Zilikuwa pale. 7 yenye kiuno kilichokatwa, 17 hivyo hivyo, 27 hivyo hivyo. Seli 26 ni zangu, kwa mwandiko wa shemeji yangu. Nafasi ya 11 na ya 19 tu ndizo zina seli zisizo na namba, lebo tofauti, na moja imevimba tumbo.

Kwa hiyo alichofanya wakati mimi nakula maharage: alitoa seli mbili mbovu, akapachika mbili chakavu kutoka betri ya mtu mwingine, akapaka rangi bati, akabandika stika, akafuta ile namba ya hitilafu kwa mashine yake. Ile betri inayong'aa ya kwenye boksi haikutoka stoo, na nina hakika wateja wote wanaonyeshwa hiyo hiyo moja. Na ile "tunaipeleka kwa wanaoyeyusha" ilikuwa ya kuhakikisha sitaidai betri ya zamani, kwa sababu betri ya zamani haikuwepo ya kunirudishia.

Kilichonitoa machozi si pesa. Nati mbili za vile vipande vya shaba zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Plastiki ya pembeni yake imeungua, nyeusi. Betri ile iko nyuma ya mgongo wa siti ya nyuma, wanangu walikuwa wameiegemea kutoka Kibaha. Huyu mtu anajua nati iliyolegea kwenye umeme ule inafanya nini, maana ndiye aliyenifundisha habari ya volti mia mbili. Afungwe. Gereji ifungwe, vifaa vyake vipigwe mnada, watu warudishiwe pesa zao mmoja baada ya mwingine. Kama sheria ya kujipatia fedha kwa udanganyifu haimhusu huyu, inamhusu nani? Na wale vijana wa ovaroli nao, maana walikuwa wananiangalia wakijua.

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo, nasema haraka haraka maana nimechoka. Kupima seli kwa testa bila kuipa mzigo hakusemi kitu. Fundi wa shemeji alifunga balbu ya taa kubwa ya gari kwenye ile seli iliyovimba, ilikuwa inasoma 7.7, dakika haijaisha imeshuka chini ya 6. Seli yenye afya inashuka kidogo halafu inatulia. Ninyi daini kipimo cha balbu. Kingine, kabla hujawaachia gari piga picha namba zilizochapwa kwenye seli za betri wanayokuuzia, na weka alama yako ya siri kwenye ya kwako, kisha ya zamani ipakie kwenye buti urudi nayo nyumbani, hata wakikupunguzia laki tano. Ukiambiwa kaa mbali kwa usalama, kaa mbali, ila kaa unapoona. Jina la kwenye simu na jina la gereji yasipolingana usitume. EFD ikiwa "mbovu", gari lako nalo lisubiri ipone.

Na kama mtu anakuambia wazi kwamba anabadilisha seli mbili tatu tu, huyo angalau anasema ukweli, ila jueni seli za umri tofauti zikikaa pamoja, zilizochoka zinaendelea kufa moja moja, utarudi kila baada ya muda mfupi. Ah, na safisheni feni ya betri, ile yenye tundu pembeni ya siti ya nyuma. Yangu ilikuwa imejaa manyoya ya zulia na vumbi la miaka, na hawakuigusa hata kidogo, ilhali joto ndilo linaloua hizi betri. Wangekuwa mafundi wa kweli wangeanzia hapo.

Jina na mtaa sijaandika kwa sababu mpelelezi kaniomba nisiwashtue kwanza. Ila kama umefungiwa betri ya haibridi hapa Dar mwaka huu, ukaambiwa ukale chakula urudi saa nane, na juu ya bati kuna rangi ya fedha na stika mpya, nitumie ujumbe leo. RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo, picha ninazo, seli 26 zenye mwandiko wa shemeji zimekaa sebuleni kwangu. Kesho saa mbili asubuhi niko kituoni.