Dalali wangu wa hisa mtandaoni: nyota tatu, na nitakwambia mbili zilienda wapi

Huu ni mwaka wa nne nauza na kununua hisa za Soko la Nairobi kwa simu, kupitia dalali ambaye sitamtaja. Siku za kawaida sina neno naye. Oda inaingia upesi, makato unayaona kabla hujabonyeza, na taarifa ya mwezi haichelewi.

Nyota mbili nilimnyima Jumanne moja, wiki ya karo. Saa tano asubuhi niko kwa mama wa chai, nataka kuuza hisa za Safaricom kidogo. Kile kiduara kikazunguka hadi chai ikaota ngozi. Nikatoka, nikaingia tena: hitilafu 503, yaani seva haipatikani. Ukaja ujumbe, "Tuko kwenye matengenezo." Matengenezo gani hayo, na soko limefunguliwa tangu saa tatu na nusu? Nikapiga simu, haikuita hata mara moja. Baadaye nikaja kujua kwamba simu zao za huduma kwa wateja zilikuwa zinapitia laini ileile ya intaneti iliyozibwa na wadukuzi walioishambulia kampuni siku hiyo. Hapo ndipo waliponiudhi hasa.

Kushambuliwa siwalaumu. Wadukuzi wa aina hii hawaji kuiba. Wanarusha maombi ya uongo kutoka maelfu ya mashine hadi seva inakosa nafasi ya kumsikiliza mteja wa kweli, mfano wa wahuni waliojazana mlangoni pa duka, hawanunui wala hawapishi. Wakubwa yamewapata. Februari 2000 kijana wa miaka 15 wa Montreal aliziangusha Yahoo na Amazon, na wiki hiyohiyo E*Trade, ambako Wamarekani walikuwa wakiuzia hisa, nayo ikaonja. Agosti 2020 soko la hisa la New Zealand lilisimamisha biashara siku kadhaa mfululizo. Na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilivyoshambuliwa Julai 2023, nani hapa Kenya amesahau?

Ila laini ya pili ya simu haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Na kuandika "tumeshambuliwa, hisa zenu ziko salama" ni sentensi moja tu. Waliiandika saa nane.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapanda matatu hadi ofisini kwao. Binti wa mapokezi, mpole kweli, ndiye aliyenituliza: "Mwalimu, hata seva zetu zikiungua leo, hisa zako haziko humu. Ziko kwenye akaunti yako ya CDS, ile hifadhi kuu ya hisa iliyo nje ya kampuni yetu." Akanipa fomu ya karatasi, nikatia sahihi mara mbili, oda ikapita dakika kumi kabla soko halijafungwa saa tisa. Kwa hilo nyota moja ni yake peke yake.

Jioni ikaja SMS nyingine: "Akaunti yako imefungwa, bonyeza hapa kuifungua." Nusura nibonyeze, kwa vile nilivyokuwa nimechoka. Namba ilikuwa ya mtu binafsi. Matapeli husubiri siku kama hizo, na kampuni haikutuonya hata kwa neno.

Sijahama. Wameshaweka namba ya pili, niliijaribu juzi ikaita mara tatu ikapokelewa. Nimeiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu siku simu yenyewe itakapozima, hiyo kadi najua iko droo gani.